Kibao cha Getini Hakimlindi Mwenye Kambi

Ndugu wenye kambi, mameneja na waongozaji mliotoka Karatu, Mto wa Mbu, Usa River na kwingineko, karibuni Arusha.

Tuanze na kibao. Kambi nyingi zinacho, kimepigiliwa misumari getini: "Mgeni anaingia kwa hatari yake mwenyewe." Wenye kambi hukiegemea kama bima. Lakini mgeni akiumia na kushtaki, mahakama itauliza kama mlichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua mahali penu. Kibao kinachotaja hatari yenyewe kinasaidia: "Kina mita 1.2, usipige mbizi." Hicho kimempa mgeni nafasi ya kujiepusha. Kile cha jumla hakijamwambia kitu. Fomu za kusaini nazo ni hivyo hivyo. Aliyekubali kulala porini hakukubali ngazi ya choo iliyooza, ambayo ninyi mnaijua na yeye haijui.

Kinachowalinda ni daftari la ukaguzi. Nitaonyesha kwa moto wa jioni, maana ndipo wageni wengi wanapokusanyika, wengine na watoto, wengine na chupa mkononi.

Moto uwe angalau mita 5 kutoka hema la karibu, na usiwe upande unaotoka upepo, kwa sababu cheche moja inatosha kutoboa nailoni. Mawe ya kuuzungushia yasitoke mtoni: yamenyonya maji, yakipata joto yanaweza kupasuka na kurusha vipande. Hayo wengi wanayajua. Kosa kubwa hufanyika wakati wa kuzima. Askari anafukia makaa kwa mchanga, juu panaonekana pamepoa, anakwenda zake. Mchanga ule unafunika joto, na makaa yanaweza kuwa ya moto hadi asubuhi. Mtoto anaamka mapema, anapita peku, anaungua nyayo. Kwa hiyo mchanga hapana. Mwageni ndoo ya lita 20, koroga kwa sepetu, mwageni tena, kisha weka kiganja juu ya majivu bila kuyagusa. Kama bado kuna fukuto, rudieni. Halafu aandike: tarehe, saa, jina, saini. Mstari huo mmoja una uzito mahakamani kuliko kibao chochote.

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Juni na Julai baridi ya huku inauma, na mgeni anaomba jiko aliingize hemani. Hapana, hata kama makaa yamekolea na hayatoi moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na usingizi unamchukua mtu kabla hajashtuka. Mpeni blanketi la ziada au chupa ya maji ya moto. Mpishi wenu akimpelekea jiko kwa huruma, mwajiri ndiye atakayejibu, kwa kuwa mpishi alikuwa kazini.

Mengine ni mepesi. Matawi makavu ya migunga yakatwe kabla hema halijasimamishwa chini yake. Kamba za hema zifungwe vitambaa vyeupe. Njia ya choo iwe na taa usiku kucha. Chakula kisilale hemani, kinaita nyani na fisi.

Je, mgeni hana wajibu? Anao. Akilewa akaruka moto mliomkataza, mahakama inaweza kugawa lawama. Fidia ikiwa shilingi 10,000,000 na sehemu yake ikaonekana ni asilimia 30, atapata 7,000,000. Mtoto mdogo, hata hivyo, hapimwi kwa akili ya mtu mzima. Gharama kama za hospitali, mgeni lazima azidai mahususi na kuzithibitisha, hivyo risiti zina kazi pande zote mbili.

Kampuni ya safari ikija na mahema na mpishi wake, makubaliano yaandikwe: nani anakagua mahema, nani anakagua choo, nani anazima moto. Bila hivyo mgeni atawashtaki wote wawili, nanyi mtarushiana mpira mbele ya hakimu. Na msichanganye mifuko: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu mpishi aliyeungua, haumhusu mgeni. Kwa mgeni mnahitaji bima ya dhima kwa watu wengine, na msome vizuri kama moto na wanyama wamo.

Ajali ikitokea, mgeni kwanza. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha hospitali. Pigeni picha za mahali kabla ya kutengeneza chochote. Chukueni majina ya mashahidi, na mjulisheni bima mapema kama mkataba unavyotaka. Mpeni pole, lakini msiahidi kulipa kwa WhatsApp, maana ahadi hiyo inaweza kuvuruga madai yenu kwa bima.

Daftari likijaa, msiwashie nalo moto. Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu mtu aumie, lakini kwa mtoto muda huo unaanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18. Aliyeungua leo akiwa na miaka 6 anaweza kuja na wakili akiwa na 21. Daftari la siku hiyo litunzwe miaka 15, mahali pasipo mchwa.