Nani Amekuandika?

Habari za mchana, ndugu zangu. Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunikaribisha.

Nianze na makala moja ya Wikipedia niliyoletewa niikague, ya msanii kijana. Mstari wa kwanza ulisema: "Ni nyota anayetamba Afrika Mashariki na Kati." Chini kulikuwa na marejeo manne, nikayafungua moja moja. La kwanza, ukurasa wake wa Instagram. La pili, chaneli yake ya YouTube. La tatu, tangazo la onyesho lililoandikwa na meneja wake. La nne, habari kwenye tovuti ya burudani, maneno yale yale ya meneja, hata kosa la tahajia limebaki palepale. Vyanzo vinne, mdomo mmoja. Makala ikafutwa. Yule kijana akaniuliza kwa uchungu: "Kwa hiyo mimi si mtu?"

Swali lile halijanitoka. Nadhani neno letu, umaarufu, ndilo linalotuponza. Kigezo cha umaarufu katika Wikipedia hakipimi utu, wala kipaji, wala idadi ya wafuasi. Kinauliza jambo moja: wako watu wasio na maslahi nawe waliokaa wakaandika habari zako kwa kina, mahali panapohaririwa? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mhariri wa kamusi elezo hana njia ya kwenda kushuhudia mwenyewe. Anategemea ushahidi wa wengine.

Mtazameni Shaaban Robert. Aliandika habari zake mwenyewe katika *Maisha Yangu*, akaandika pia *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Ukiandika makala ya Shaaban, kitabu cha kwanza kitakusaidia kwa mambo ya kawaida ya maisha yake. Lakini ukitaka kusema alikuwa mshairi mkubwa, nenda kwa wahakiki. Ukiandika makala ya Siti, yule binti wa Fumba aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, basi kitabu cha pili ni hazina. Hakujiandika. Ameandikwa.

Sasa msinielewe vibaya. Kigezo hiki huumiza pia. Twasema kizuri chajiuza, lakini Donna Strickland wa Kanada alikuwa mmoja wa wavumbuzi wawili wa mbinu ya kukuza nguvu ya miali ya leza, mwaka 1985, na Mei 2018 rasimu ya makala inayomhusu katika Wikipedia ya Kiingereza ilikataliwa: marejeo hayakutosha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu katika historia ya tuzo hiyo. Kazi ilikuwepo miaka 33. Waliopungua ni waandishi wa kuieleza.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Manju, mkunga, mwalimu wa kijiji: wengi wao hawamo popote kwenye intaneti. Lakini hakuna kanuni inayosema chanzo lazima kiwe na kiungo! Gazeti la mwaka 1968 lililo maktaba ni chanzo halali. Taja jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na mpaka leo naona vijana wakihangaika kujipigia debe wakati mafaili ya magazeti yanaliwa na mchwa. Inaniuma sana.

Na jihadharini na wanaouza makala. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za mtandao mmoja uliowafuata watu ambao rasimu zao zilikataliwa, ukidai malipo ili makala zitokee na zilindwe. Makala 210 zikafutwa. Kulipwa kuhariri si kosa lenyewe. Tangu 2014 masharti yanataka umtaje anayekulipa. Kuficha ndilo kosa.

Dada pale nyuma ameuliza: je, nikikuta uongo kwenye makala inayonihusu? Usiiguse. Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza, aliwahi kuhariri makala inayomhusu yeye mwenyewe mwaka 2005, na baadaye akakiri hakupaswa. Nenda ukurasa wa majadiliano, jitambulishe, onyesha kosa liko sentensi ipi, weka chanzo, kisha mwachie mwingine arekebishe. Zikipita siku bila jibu, mwandikie mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, kwenye ukurasa wake.