Eti Uingereza watu wanazaa ili walipwe?

Haya, habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Niko Leeds, mvua kama kawaida. Kila nikipiga simu nyumbani hakosi mjomba wa kuniambia, "We zaa tu, huko si mnalipwa?" Mjomba, viza yangu imeandikwa wazi kwamba nisiguse fedha za umma. Kodi nakatwa, posho sipati.

Ila mjomba hayuko peke yake. Mwaka 2015 George Osborne, Waziri wa Fedha wa hapa wakati huo, aliwaza hayohayo, tofauti yeye alivaa suti. Alitaka anayepokea msaada wa serikali naye apige hesabu kabla ya kuongeza mtoto, kama anayejitegemea. Aprili 2017 sheria yake ikaanza kazi: ile posho ndogo ya kila mtoto ilibaki, lakini nyongeza kubwa ya familia zenye kipato kidogo ikawa inaishia kwa mtoto wa pili. Wa tatu akizaliwa, hamna. Miaka yake ya mwisho hiyo ilikuwa zaidi ya pauni 3,000 kwa mwaka, kwa kila mtoto aliyezidi.

Watu wakaacha kuzaa? Watafiti walipochambua takwimu za uzazi walikuta mabadiliko kiduchu tu. Mimi sishangai. Kuna mama anaisikia hiyo sheria mtoto keshazaliwa. Kuna ambaye mimba imeingia tu, hakupanga. Kuna aliyezaa watatu akiwa na mume na mishahara miwili, halafu mume kaondoka. Huyo mtoto amrudishe wapi? Na msidhani ni watu wa kulala tu: zaidi ya nusu ya familia zilizobanwa zilikuwa na mtu anayefanya kazi.

Kinachonichefua zaidi ni kipengele kimoja. Mwanamke aliyebakwa akazaa mtoto wa tatu aliruhusiwa kulipwa, mradi ajaze fomu ya kueleza hivyo, na mtaalamu, daktari kwa mfano, aithibitishe. Mtu mzima alikaa ofisini akaitunga hiyo fomu!

Sasa msinielewe vibaya, pesa ina nguvu. Ilipokatwa ilionekana kwenye friji, kwenye viatu vya shule, kwenye mita ya umeme, kwa watoto kama milioni 1.6. Chumbani kwa wazazi ndiko haikufika. Novemba 2025 Waziri wa Fedha Rachel Reeves akatangaza kuiondoa hiyo sheria kuanzia Aprili 2026, na wabishi bado wanabisha kwamba sasa watu watazaa ovyo.

Mnacheka? Si na huko kwetu Tanzania wapo wanaosema walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanabweteka na kuzaa kwa ajili ya ile ruzuku? Ruzuku yenyewe mnaijua ilivyo, na kuna sehemu yake unaikosa mtoto asipoonekana shule au kliniki. Wewe uliye kijijini, unayewajua hao walengwa kwa sura, niambie: umemwona nani kazaa kwa ajili ya hiyo hela?