Kabla ya Kuuliza Intel au AMD

Assalamu alaikum, mabibi na mabwana. Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Mombasa wanaocheza michezo ya kompyuta ni hili: ninunue prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel au ya AMD? Nami huwajibu kwa swali jingine: ubao mama wako, ule unaobeba sehemu zote za kompyuta, una soketi gani, yaani tundu la kukalishia prosesa? Wengi hawajui, na hapo ndipo fedha huanza kupotea, kwa kuwa prosesa hainunuliwi peke yake, bali hununuliwa pamoja na kila kitu itakachokulazimu kukibadilisha.

Mtu mwenye ubao wa soketi ya AM4 ya AMD, iliyobeba prosesa za kwanza za Ryzen mwaka 2017, anaweza kuitoa prosesa yake ya zamani na kutia Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, akabaki na ubao ule ule na kumbukumbu ile ile ya DDR4, mradi mtengenezaji wa ubao ametoa toleo la BIOS, ile programu inayoamsha ubao, linaloikubali. Akitaka kuhamia AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, hana budi kununua vitu vitatu kwa mpigo, yaani prosesa, ubao na kumbukumbu, kwani soketi hiyo haipokei DDR4 kabisa. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 iliyoanza mwaka 2021 ilihudumia kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, kisha mwaka 2024 Core Ultra 200S zikaja na soketi yao mpya ya LGA1851. Mwenye Core i5-12400 ya kizazi cha 12, basi, ana nafasi ya kupanda, lakini ngazi yake ina mwisho.

Hata hivyo, kabla ya kupanda popote, hakikisheni kwamba prosesa ndiyo inayowachelewesha. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuweka akiba ya prosesa mpya alipokuja kunitaka ushauri. Nilimwambia afungue mchezo wake, ashushe idadi ya nukta za picha kutoka 1440p hadi 1080p, na kutazama idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde. Fremu zilipanda sana, na maana yake ni kwamba prosesa ilikuwa na nguvu ya ziada, ila kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa ikihema. Kama zingebaki pale pale, lawama ingekuwa ya prosesa. Jaribio hili halina gharama yoyote, na bado ni wachache wanaolifanya.

Tuseme sasa prosesa imepatikana na hatia. Kwa mtu ambaye kazi ya kompyuta yake ni michezo tu, mimi naelekea upande wa AMD, hasa zile zenye alama ya X3D, na sababu ni kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 7 5800X ya kawaida ina kashe ya ngazi ya tatu ya megabaiti 32, ilhali 5800X3D ina 96. Mfikirieni mpishi wa biriani ambaye viungo vyote viko mezani mbele yake, na mwenzake anayelazimika kukimbilia Marikiti kila anapohitaji iliki. Wa pili huenda akawa na mikono miepesi zaidi, na kwa kweli 5800X hufikia kasi ya GHz 4.7 wakati 5800X3D huishia 4.5, lakini safari za sokoni humchelewesha. Anayehariri video kutwa nzima ana hesabu nyingine, na kwake Intel yenye kori nyingi, yaani vitengo vingi vya kufanya kazi kwa pamoja, inaweza kufaa zaidi.

Jambo ambalo wapimaji wa nchi za baridi hulipitia haraka ni joto. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka kama joto, na feni haiwezi kuipoza kushinda hewa ya chumba chenyewe. Core i9-14900K imeruhusiwa kula hadi wati 253. Katika chumba cha Kisauni mwezi wa Machi, bila kiyoyozi, hizo ni wati ambazo mchezaji atazihisi mgongoni mwake.

Mwisho, kuhusu mitumba. Baadhi ya prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba kwa sababu ya volteji iliyopanda kupita kiasi. Mwaka 2024 Intel ilitoa maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa yanayopakiwa kupitia BIOS, ya kuzuia hali hiyo na kuongeza miaka miwili ya dhamana, lakini maikrokodi haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Ukiuziwa Core i9 iliyotumika kwa bei ya kushangaza, muulize muuzaji kama ubao wake ulisasishwa BIOS, na uiwashe kwa mchezo mzito mbele yake kabla ya kutoa hata shilingi.

Nimeona wengine mmepiga picha za ubao wenu kwa simu. Njooni nazo hapa mbele tuzisome.