Kabla Hujatuma Maombi ya Kusomea Maabara

Asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba nafasi ya kusomea sayansi ya maabara za hospitali. Nitafika huko, lakini kwanza pokeeni chupa hizi, mzitazame na kupeana. Msiogope, ndani mna maji ya rangi tu.

Yenye kifuniko cha zambarau kwa kawaida huwa na kemikali iitwayo EDTA, mara nyingi ile yenye potasiamu. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande, tuweze kuhesabu chembechembe. Kwenye ile nyekundu damu huachwa igande, tukapata seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ya vipimo vya kemia. Sasa mtu amechota damu, ameona nyekundu haijatosha, akamiminia kidogo kutoka kwenye zambarau. Damu si ya mgonjwa yuleyule? Ni yake, lakini majibu si yake tena. Potasiamu inapanda kupita kiasi na kalsiamu inaporomoka, kwa sababu EDTA imeingia na potasiamu yake, kisha ikaikamata kalsiamu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipata majibu ya namna hiyo. Potasiamu ilisoma zaidi ya 9, na kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Nilishaanza kuyaandika ili yatoke haraka. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja: "Kalsiamu inasemaje?" Sikuwa nimeitazama. Ilikuwa chini mno, kiasi ambacho mtu aliyekaa kitandani anaongea vizuri asingekuwa nacho. Tuliomba damu nyingine, ikasoma kawaida. Hadi leo nikifikiria dawa ambazo mtu yule angepewa kushusha potasiamu isiyopanda, moyo hunienda mbio. Mashine haikukosea, ilipima ilichopewa. Kazi ya kutilia shaka ilikuwa yangu.

Ndiyo maana nikisoma barua ya mwombaji natafuta huyo mtu mwenye shaka. Wengi huandika kwamba wanapenda sayansi na wanataka kusaidia watu. Naamini wanasema kweli, lakini barua hamsini zinasema hivyo hivyo. Ninayoikumbuka ni ya binti aliyeeleza jaribio la kemia la shuleni: vipimo vitatu havikulingana, wenzake wakamshauri afute kile kilichopotoka, yeye akaviandika vyote na kurudia jaribio zima. Aya moja tu, na tayari nilijua nikimwachia benchi usiku hatanidanganya. Tafuta tukio lako la namna hiyo. Liwe dogo, liwe la kweli.

Wa kukudhamini naye awe aliyekuona ukifanya mazoezi ya vitendo. Cheo kikubwa cha mtu asiyekufahamu hakikusaidii.

Kuhusu chuo, ulizeni ithibati kabla ya kitu kingine chochote. Msomi wa programu isiyotambuliwa anaweza kumaliza miaka yake yote, kisha akazuiwa kufanya mtihani wa usajili au leseni. Nimewaona waliofikwa na hilo, na inauma. Kemia, biolojia, mikrobiolojia na hesabu za takwimu ndiyo masomo yanayoulizwa mara nyingi, lakini kila programu ina orodha yake, isomeni yote. Nafasi kwa kawaida ni chache, kwa kuwa kila mwanafunzi anahitaji benchi na msimamizi katika maabara inayohudumia wagonjwa halisi. Kwa hiyo msisubiri siku za mwisho.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyakumbuka wakiwa wamechelewa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa ratiba iliyozoeleka ya dozi tatu, huchukua kama miezi sita. La pili ni macho. Rangi ya Gram, tunayoitumia tangu 1884, hutenganisha bakteria wa zambarau na wale wa waridi, na dawa ya kumpa mgonjwa inaweza kutegemea tofauti hiyo. Kama unatatizwa na kutofautisha rangi, waulize mapema utaratibu wao. Usifiche.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu makosa. Mimi huuliza hivi: umeshatoa majibu, kisha unagundua uliyasoma vibaya, utafanyaje? Wapo wanaonijibu kwamba wao ni waangalifu, hawatafikia hapo. Jibu hilo hunitia hofu kuliko kosa lenyewe. Ninayetaka kumsikia ni yule anayesema atapiga simu wodini saa hiyohiyo, atamwambia msimamizi, na ataandika kilichotokea. Tangu mwanasayansi Karl Landsteiner alipoonyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi, tunajua kwamba mfuko wa damu ukimfikia mtu asiye wake unaweza kumuua. Mara nyingi kinachopotosha mambo ni lebo, wala si kipimo.

Naona chupa zimeshamaliza mzunguko. Zilikuwa sita, na zimepita mikononi mwa kila mmoja wenu. Moja haina jina la mgonjwa. Aliyeiona anyanyue mkono, atuambie angeifanya nini.