Namna ya Kusafirisha Pikipiki kwa Trela la Wazi Wakati wa Masika, Moshi hadi Arusha

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutapakia pikipiki kwenye trela la wazi hapa Moshi na kuifikisha Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 80, katika siku ambayo mvua ya masika haionyeshi dalili ya kukatika. Wengi wanaojiandaa kwa safari ya namna hii huanza kwa kutafuta turubai, ilhali pikipiki imeundwa kunyeshewa, na bodaboda wetu hunyeshewa nayo kila msimu. Kinachoiangusha njiani ni mkanda uliolegea, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelekezo haya itahusu ufungaji.

Kabla ya kupakia, kagueni upepo wa tairi za trela, hakikisheni kiungo cha trela na gari kimejifunga sawasawa, pitisheni minyororo ya usalama kwa kupishana chini yake, kisha mtu mmoja akanyage breki na kuwasha indiketa huku mwingine akitazama taa za nyuma. Plagi ya nyaya za taa iinueni isiburuzike wala kukaa mahali panaporukiwa na maji ya barabarani.

Sasa tunapandisha. Ubao wa kupandishia ukilowa huteleza vibaya, hivyo tumeupigilia vipande vya mpira wa tairi kuukuu na kuufunga kwenye trela ili usirudi nyuma pikipiki ikiwa katikati. Injini iwe imezimwa. Mmoja anashika usukani huku vidole vikiwa karibu na breki ya mbele, na mwingine anasukuma kutoka nyuma. Pikipiki hizi za cc 125 au 150 zina uzito unaozidi kilo 100, kwa hiyo msithubutu kufanya kazi hii peke yenu kwenye matope. Gurudumu la mbele liingie kwenye chuma kinachobana tairi, na uzito wa pikipiki ukae mbele kidogo ya ekseli ya trela, kiasi kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo uangukie kwenye kiungo. Uzito ukikaa nyuma, trela litaanza kuyumba mara tu mwendo utakapoongezeka.

Tufike kwenye mikanda. Tunatumia minne ya poliesta, ile yenye kikazio cha chuma, na kila ndoano iwe na kizuizi kinachofunga mdomo wake. Msitumie kamba ya katani: hufupika ikilowa na kulegea ikikauka, na katika safari hii itafanya yote mawili. Nailoni nayo hunywa maji na kuvutika. Mikanda miwili ya mbele ishike pingili ya chini inayounganisha shokapu mbili, wala isishike usukani wenyewe, kwa sababu usukani unaweza kuzunguka au kupinda. Kila mmoja uvutwe kwenda mbele na pembeni, kwa mwinamo wa takribani nyuzi 45, na ikazwe kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, hadi shokapu zishuke kati ya theluthi moja na nusu ya mwendo wake. Mkizikandamiza hadi mwisho mtaumiza sili za mafuta. Mkiziacha zimesimama, trela litakapopiga tuta shokapu zitazama, mkanda utalegea, na ndoano isiyo na kizuizi itachomoka. Mikanda ya nyuma ishike fremu, si keria, na kazi yake ni kuzuia mkia usirukeruke. Wekeni gia ya kwanza na mkunje stendi, maana pikipiki iliyoegemea stendi yake huchezacheza kila trela linaporuka. Mkanda wowote mrefu uzungusheni nusu mzunguko kabla ya kuukaza ili upepo usiutikise.

Kuhusu turubai, ushauri wangu ni kuliacha nyumbani. Likiingiwa na upepo hujaa kama tanga, hukwaruza rangi ya tanki, na huvuta ile mikanda mliyoikaza kwa jasho. Inatosha kufunika siti na tundu la ufunguo kwa mfuko wa plastiki uliobanwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kuziba mdomo wa ekzosi iliyopoa kwa kitambaa kinachoning'inia ili msikisahau, na kufunga koki ya mafuta.

Barabarani, simameni baada ya kilomita chache, kabla hata ya kufika Weruweru, mkakaze upya, kwa kuwa mikanda hulegea zaidi mwanzoni. Mteremko wa Kikafu ushukeni kwa gia ndogo, maana trela dogo kama hili halina breki zake na hulisukuma gari kwenye lami iliyolowa. Kagueni tena Boma Ng'ombe. Kuanzia hapo kuelekea njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nchi inakuwa tambarare na upepo hupiga ubavuni, hivyo kilomita 50 au 60 kwa saa zinatosha, hata wenye mabasi wakiwapigia honi. Trela likianza kuyumba, ondoeni mguu kwenye mafuta polepole na mshike usukani imara. Kukanyaga breki kwa ghafla huzidisha mambo. Matuta ya Maji ya Chai, Usa River na Tengeru yavukeni taratibu sana, kisha tafuteni mahali salama pa kuegesha na mguse kila mkanda kwa mkono.

Mkifika Arusha, mtu mmoja aishike pikipiki kabla mkanda wowote haujaguswa. Fungueni ya nyuma kwanza, kisha mlegeze ya mbele kwa zamu, kwa sababu shokapu zilizokandamizwa hurudi juu kwa nguvu. Baada ya kuishusha, chomoeni kitambaa kwenye ekzosi, fungueni koki, kausheni cheni na kuitia mafuta, kisha endesheni polepole mkibonyeza breki mara kadhaa hadi zikamate kama kawaida.