Tunatazama Nini Pale Jukwaani?

Mabibi na mabwana, niungame kwanza. Nimewahi kusimama saa mbili nzima nikimkodolea macho mpiga muziki wa kielektroniki aliyeinamia meza. Mezani pana kompyuta na lundo la nyaya. Anatikisa kichwa, anabonyeza kitufe, basi. Na kesho yake ningerudi tena.

Mpiga gitaa akigusa uzi, jicho na sikio hupata habari kwa pamoja. Hapa jicho linabaki na deni: sauti hii kaitoa yeye sasa hivi, au ilirekodiwa tangu juzi? Mimi nadhani shaka hiyo ndiyo inayotunasa.

Tazameni theremini, ala aliyoibuni Mrusi Leon Theremin yapata mwaka 1920. Haiguswi kabisa. Ina antena mbili: mkono mmoja ukikaribia ile iliyosimama, noti inapanda, mwingine ukikaribia ile ya kitanzi, sauti inafifia. Kwa kuwa mwili wenyewe umo ndani ya mzunguko wa umeme, mpigaji husimama kama mti. Akiyumba kidogo tu, noti inayumba naye. Clara Rockmore, mpiga theremini aliyetoka kwenye fidla, alitega vidole hewani kana kwamba nyuzi zipo. Mkono unashika hewa, hewa inaimba. Nani atafumba macho hapo?

Kraftwerk, bendi ya muziki wa kielektroniki ya Ujerumani, wao walitutania. Katika wimbo wao wa roboti wa mwaka 1978, walizoea kuwaachia jukwaa roboti wenye sura zao, na watu walishangilia vilevile! Kuna pia wanaotunga muziki kwa kuandika msimbo wa kompyuta papo hapo. Wenzao wa TOPLAP, kundi lililoanzishwa mwaka 2004, hudai skrini ionyeshwe hadharani, hivyo unaona hata herufi iliyokosewa ikifutwa. Wengi wetu hatuelewi hata mstari mmoja, lakini tunasoma.

Usiku ule niliousema, katikati ya mdundo, mashine zilinyamaza. Kimya. Yule bwana akachomoa waya, akaukagua ncha, akauchomeka tundu jingine. Ukatoka mngurumo mzito uliotetemesha kifua. Akainua uso kutazama spika, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nyuma yangu mtu akauliza, "Hiyo nayo imo kwenye wimbo?"

Sikuwa na jibu, na ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kupiga kelele.