Bibi Yangu na Nahodha Dathon

Wanaonifahamu wanajua nitaelekea wapi, kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuizungumzia "Darmok", sehemu ya 2 ya msimu wa 5 wa Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya safari za angani, iliyorushwa kwanza Septemba 1991. Wiki iliyopita nimeitazama tena, na safari hii imenigeuza.

Kisa chenyewe mnakijua. Picard, nahodha wa chombo cha angani, anakutana na Watamaria, watu wa sayari nyingine. Mtambo wa kutafsiri unatafsiri kila neno lao, na bado haeleweki mtu, kwa sababu wao husema kwa kutaja visa tu. "Darmok na Jalad, huko Tanagra." "Shaka, kuta zilipoanguka." Wanaoisifu sehemu hii husema imebuni lugha ya ajabu. Ajabu gani? Mimi nimelelewa katika lugha hiyo, hapa hapa Ugogo, katikati ya Tanzania!

Nilikuwa na miaka kama saba, nimepelekwa likizo kwa bibi. Tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, nami nikaacha matonge mawili matatu sahanini, nikainuka kukimbilia mpira. Bibi hakunigombeza. Aliitazama ile sahani, akasema, "Mtunya." Basi. Wakubwa wote wakanyamaza. Mjomba, ambaye alishanawa mikono, akaivuta sahani yangu akala mpaka ikawa nyeupe. Neno nilikuwa nimelisikia vizuri kabisa, na sikuelewa kitu. Nikadhani Mtunya ni mtu. Usiku ule sikulala, nikisikiliza mlango.

Miaka ilipita ndipo nikasimuliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita huku, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikomba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua zikakata. Njaa iliyofuata, iliyowamaliza watu mpaka karibu na 1920, ndiyo Mtunya. Bibi hakuiona, aliyeiona ni mama yake. Kwa neno lile moja alikuwa ananiambia: hicho unachokiacha, kuna mtoto wa ukoo huu alikililia mpaka akanyamaza. Nani angeyatia hayo yote kwenye kamusi?

Na hapo ndipo nilipogeuka. Zamani niliitazama "Darmok" kama ushindi wa Picard, mtu mwerevu aliyefumbua fumbo. Sasa namtazama Dathon, nahodha wa Watamaria. Anajipeleka yeye na Picard, wawili tu, kwenye sayari yenye mnyama mkali, kisha anamrushia Picard jambia. Picard anadhani anaitwa kupigana, anakataa. Usiku Picard anahangaika na moto usiowaka, na Dathon anamrushia kijinga cha moto: "Temba, mikono yake wazi." Yaani pokea, nakupa. Dathon alijua kwamba kisa hakitafsiriki kwa asiyekuwa nacho, kwa hiyo akaamua wakitengeneze wawili, kama Darmok na Jalad: wageni wawili, mnyama mmoja, sayari isiyo ya yeyote. Bibi alingoja nikue. Dathon hakuwa na muda huo, akaweka roho yake rehani.

Kisha mnyama anashambulia, na chombo cha Picard kinajaribu kumvuta nahodha wake arudi. Jaribio linashindwa, lakini kwa dakika hiyo Dathon amebaki peke yake, na anaumia jeraha litakalomuua. Mtaniambia Riker, msaidizi wa Picard aliyebaki chomboni, alikuwa anaokoa mkuu wake. Ndiyo, na mimi ningefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma: alitenda sawasawa na alichokielewa.

Kuna wanaouliza, watu wa namna hii huundaje vyombo vya angani? Fundi ataombaje spana? Swali ni la haki, na waandishi hawakulijibu. Lakini msilitumie kuikwepa hoja. Nyinyi wenyewe mkisema "sizitaki mbichi hizi", mmemaliza. Hakuna anayesimulia tena habari za sungura na ndizi. Na jina la mji huu je? Wazee husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama. Kila siku makondakta wanaita "Dodoma, Dodoma", na tembo yule hakuna anayemwona.

Data na Troi, maofisa wa Picard waliobaki chomboni, nilitaka niwape muda zaidi. Kwa kifupi: wanapekua kumbukumbu, wanagundua Darmok ni mwindaji na Tanagra ni kisiwa, na hawafiki popote, kwa kuwa wamepata nani na wapi bila kupata kilichotokea. Wanaotengeneza programu za kutafsiri Kigogo, tukutane nje, nina mengi.

Dathon anapokaribia kufa, Picard anamsimulia kisa cha Gilgamesh na Enkidu, marafiki wawili wa hadithi ya kale. Dathon haelewi hata nusu, lakini anasikiliza. Kesho jioni tutaitazama humu humu. Mwenye bibi aliye hai amlete, nami nitamkalia karibu nimtafsirie.